Sikio Halina Spea



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia vyombo vya nyumbani na namna ya kuvinunua kwa busara, ili pesa ya halali isipotee bure. Leo twazungumzia chombo ambacho wengi wetu hatukudhania kingefika katika ukurasa huu: hedifoni, yaani vipokea sauti vinavyovaliwa masikioni, na hasa zile zinazotumiwa na madijei.

Sababu ni barua. Mama mmoja wa Kisauni ametuandikia kuhusu binti yake wa miaka 22, ambaye kazi yake ni kupiga muziki katika shughuli za harusi za wanawake watupu. Mama aeleza: “Katika miezi 14 mwanangu ameharibikiwa na hedifoni tatu, na kila moja tuliinunua kwa shilingi 2,500. Sasa ataka ya shilingi 18,000. Babake asema hiyo ni israfu, na mimi nimesimama kati yao. Nyinyi mwasemaje?”

Kisha, chini kabisa, baada ya kuweka jina lake, ameongeza mstari mmoja: kwamba siku hizi binti akirudi kazini usiku hulala na redio imewashwa, kwa kuwa nyumba ikinyamaza husikia masikio yakimvuma.

Tuliisoma barua hiyo mara mbili. Mama ameuliza swali moja, lakini ndani ya barua mna mawili, na lile ambalo hakuliuliza ndilo kubwa zaidi. Tutaanza na lake, kisha tutalifikia la pili.

Kabla ya yote

Twajua wapo watakaotuuliza: gazeti la familia za Kiislamu lina haja gani na madijei? Mas-ala ya muziki na ala zake wanavyuoni wameyazungumza kwa urefu, na hawakukubaliana katika kila jambo. Mwenye kutaka hukumu na aende kwa sheikh wake. Sisi hatutoi fatwa katika ukurasa huu.

Twajua pia hali ilivyo mitaani mwetu. Usiku wa kupamba, mwanamume haingii ukumbini. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, na hata simu za kupigia picha huzuiwa mlangoni. Basi anayesimamia sauti lazima awe mwanamke. Zamani mabibi zetu walijitosheleza kwa vugo na ngoma za mkono. Leo kuna spika na mtambo wa kuchanganyia muziki, na nyuma yake amesimama binti wa mtu, anayepata riziki yake bila kuchanganyika na wanaume. Na hata asiyepiga nyimbo hutumia chombo hichohicho: anayerekodi kaswida za madrasa, anayesimamia vipaza sauti vya maulidi, na kijana anayesikiliza kisomo ili ahifadhi. Haya tutakayosema yawafaa wote hao.

Kwa nini dijei ahitaji hedifoni

Asiyeijua kazi hii hudhani kuwa hedifoni ni pambo la shingoni, kumbe ni kama kijiko cha kuonjea cha mpishi. Ukumbi ukisikiliza wimbo wa sasa, dijei husikiliza wimbo ujao kwa sikio moja, na sikio la pili huliacha wazi ukumbini. Hulinganisha mwendo wa mapigo ya nyimbo hizo mbili, akaona kama sauti ya mmoja ni kubwa au ndogo, kisha huzibadilisha bila kukatika. Hayo yote huyafanya mbele ya spika zinazonguruma, kwa saa nne au tano.

Kwa hivyo hedifoni yake hupata taabu ambayo ya msikilizaji wa nyumbani haiijui. Huvutwa sikioni na kurudishwa mara nyingi kwa usiku mmoja, huning'inizwa shingoni, huangushwa mezani, waya wake hukanyagwa. Hulowa jasho. Husafiri ndani ya tuktuk chini ya mkoba wa nguo. Iliyoundwa kwa ajili ya kusikilizia mawaidha kitandani haiwezi kazi hiyo, hata ikiwa nzuri kwa kazi yake.

Tatu zilizokufa

Tulimwomba mama atuletee zile hedifoni tatu zilizoharibika. Alikuwa bado hajazitupa. Kama akina mama wengi, alikuwa amezifunga ndani ya mfuko na kuziweka juu ya kabati. Tukazipeleka kwa fundi wa vyombo vya umeme katika Mji wa Kale, tukamwomba azifungue moja baada ya nyingine na atwambie kila moja ilikufa kwa nini.

Ya kwanza ilivunjika bawaba, pale kikombe cha sikio kinapokutana na upinde wa kichwani. Palikuwa plastiki tupu, nyembamba kama ukucha. Kila dijei alipokizungusha kikombe, uzito wote uliangukia hapo. Fundi alitazama akasema haina dawa, maana kipande hicho hakiuzwi peke yake, na gundi haitashika mahali panapozunguka.

Ya pili ilikatika waya. Haikukatika katikati. Ilikatika mwanzoni kabisa, pale inapoingia ndani ya kikombe. Waya ulikuwa umelehemiwa ndani, hauchomoki. Fundi aliweza kuulehemu upya, na spika zake zilikuwa nzima. Lakini alionya kuwa utakatika tena mahali palepale, kwa sababu hakuna mpira wa kuuzuia usipindike.

Ya tatu haikuvunjika kokote. Mito yake ya masikio ilibambuka. Ile ngozi ya bandia iligeuka vipande vyeusi vinavyonata shavuni, sifongo ikatoka nje. Binti aliiacha kwa aibu, na kwa sababu mito iliyobambuka hailizibi sikio, kelele za ukumbi zikawa zaingia. Alipotafuta mito mingine ya kipimo hicho hakuipata.

Fundi akaziweka zote tatu mezani, akasema: “Mama, hizi hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa kipande kimoja kimoja.” Maneno hayo ndiyo jibu la nusu ya kwanza ya barua. Kila chombo huharibika. Chombo kinachodumu ni kile ambacho kikiharibika kipande, kipande hicho chapatikana, na mtu wa kawaida aweza kukibadilisha.

Sisi wanawake tumelijua jambo hili tangu zamani kwa cherehani. Cherehani ya bibi bado yashona kwa sababu sindano, ukanda na bobini zake zapatikana dukani hadi leo. Sindano yake haikuwa ngumu kuliko nyingine. Ilikatika mara mia, na mara mia ikabadilishwa.

Sifa za kutafuta

Basi mnunuzi na azingatie mambo haya.

La kwanza ni waya unaochomoka. Waya ndio unaotangulia kufa, kwa hivyo hedifoni ambayo waya wake huchomolewa na kubadilishwa bila kulehemu tayari imeongezewa miaka. Bora waya uingie upande mmoja tu, usimzunguke shingo. Wengi hupenda waya wa kujisokota, kama ule wa simu za zamani za mezani, kwa kuwa hurefuka akisogea na hujikusanya akirudi. Plagi yake nayo iangaliwe. Mitambo mingi ya kuchanganyia muziki ina tundu la milimita 6.3, ilhali vipakatalishi, na simu zenye tundu la hedifoni, hutumia lile la 3.5. Hedifoni njema huja na kiunganishi cha kuvaa juu ya plagi ndogo, na afadhali kiwe cha kukaza kwa kuzungusha, kisichopotea.

La pili ni bawaba na upinde. Upinde mzuri hukubali kupanuliwa na kurudi bila kulia. Bawaba ikiwa na chuma ndani ni bora kuliko plastiki tupu, na misumari ya parafujo ni bora kuliko gundi, kwa sababu kilichofungwa kwa parafujo chaweza kufunguliwa.

La tatu ni mito ya masikio inayovuliwa. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: mito ya hii yauzwa peke yake? Akisema hapana, ujue umri wa hedifoni hiyo ni umri wa ile ngozi ya bandia, na pwani kwetu ngozi hiyo haina umri mrefu.

La nne ni vikombe vilivyofungwa nyuma. Zipo hedifoni zenye matundu mgongoni, nzuri kwa kusikilizia chumbani kimya. Hizo si za dijei, kwa sababu kelele za ukumbi huingia. Kikombe kilichofungwa na kinachobana sawasawa hupunguza kelele za nje, naye mvaaji hahitaji kupandisha sauti. Sifa hii tutairudia, kwa maana ndiyo inayomlinda mtu mwenyewe.

La tano ni waya badala ya Bluetooth. Hedifoni zisizo na waya hupendeza, lakini nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa msikilizaji wa nyumbani si kitu, ila kwa anayelinganisha mapigo ya nyimbo mbili ucheleweshaji huo huharibu kazi yote. Tena zina betri, na betri huchoka baada ya miaka michache hata kama mengine yote ni mazima.

La sita ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Kwa mitambo ya madijei na kwa simu, hedifoni ya kati ya omu 30 na 70 hivi hufaa. Zile za omu 250 na kuendelea zahitaji mtambo wenye nguvu zaidi, na zikichomekwa kwenye simu hutoa sauti hafifu.

Mifano michache

Hatutangazi biashara ya mtu, lakini mifano husaidia. HD 25 ya Sennheiser, kampuni ya Ujerumani, ilianza kuuzwa mwaka 1988 na hadi leo ingali mikononi mwa madijei na wapiga picha wa televisheni. Haina urembo wowote. Ina gramu 140 hivi bila waya, ukinzani wa omu 70, na upinde unaogawanyika mara mbili ili ushike kichwa. Sifa yake kubwa ni kuwa karibu kila kipande chake huuzwa peke yake, kuanzia waya na mito hadi upinde na spika zenyewe, na hufunguliwa kwa mkono na bisibisi ndogo.

ATH-M50x ya Audio-Technica ya Japani, iliyotoka mwaka 2014, iliundwa kwa ajili ya studio lakini vikombe vyake huzunguka, hivyo madijei wengi huitumia. Huja na nyaya tatu zinazochomoka, na mito yake hubadilishwa. Pioneer DJ nao walitoa HDJ-X10 mwaka 2017, wakaipitisha katika majaribio ya kuangushwa na kugongwa kwa kipimo cha jeshi la Marekani. Na kampuni ya AIAIAI ya Denmark huuza TMA-2, ambayo mnunuzi huiunga mwenyewe kwa kuchagua upinde, spika, mito na waya kila kimoja mbali.

Mwaona kuwa hizi zote ni kampuni tofauti kutoka nchi tofauti, lakini jambo walilolikubali ni moja: vipande vibadilike. Si lazima mtu anunue mojawapo ya hizi. Ziko za bei ya chini zenye sifa hizohizo, na ziko za bei ya juu zisizonazo.

Dukani

Jina kubwa huvuta bandia. Hedifoni zinazosifika ndizo zinazoigwa, na bandia huja ndani ya sanduku linalofanana na la asili. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, hiyo si rehema, ni onyo. Tazama maandishi ya sanduku kama yana makosa ya tahajia, linganisha nambari iliyo kwenye sanduku na iliyo kwenye chombo, na udai risiti yenye jina la duka na muda wa dhamana.

Kisha ijaribu. Ivae, utikise kichwa kama anayekataa jambo. Isidondoke, wala isikuumize. Zungusha kikombe kimoja nyuma ya sikio mara kumi, usikilize kama kuna mlio wa plastiki. Ichomeke kwenye simu, kisha ushike waya karibu na plagi na karibu na kikombe, uupinde taratibu. Sauti ikikatika na kurudi, rudisha chombo hapohapo. Mwisho, ivae bila kuwasha chochote, umwombe mwenzio aseme nawe. Kadiri sauti yake inavyofifia ndivyo kikombe kinavyoziba vyema.

Na ikiwa umefika nyumbani ukagundua aibu iliyofichwa, usione haya kuirudisha. Fiqhi yetu ya biashara imempa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro ambayo hakuonyeshwa wakati wa kununua. Na sheria ya nchi pia imekataza kuuza bidhaa bandia, tangu sheria ya mwaka 2008.

Matunzo ya pwani

Hedifoni nyingi huundwa mbali na bahari. Sisi twaishi katika joto na hewa ya chumvi, na hivi viwili, pamoja na jasho, ndivyo vinavyoila ngozi ya bandia na kuziota kutu plagi. Kinga yake si ghali. Baada ya kazi, mito ipanguswe kwa kitambaa kikavu, iachwe ipumue kabla ya kufungiwa. Chombo kiwekwe ndani ya kasha gumu pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba. Vipakiti hivyo viwekwe mbali na watoto. Kisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Waya usizungushwe kwa nguvu kuuzunguka upinde. Ukunjwe kwa duara kubwa, ufungwe kwa utepe. Plagi ishikwe kwa mwili wake inapochomolewa, si kwa kuvuta waya.

Kuna mambo mengine ambayo maelezo ya kiwandani hayayataji, nayo yatuhusu sisi wanawake. Mafuta ya nazi na ya nywele hulainisha mito mpaka ikabambuka. Manukato ya kupuliza hufanya vivyo hivyo, basi binti ajipulizie kwanza, na avae hedifoni manukato yakishakauka. Pini za mtandio na za kikuba hutoboa mito. Hereni kubwa hubonyezwa shavuni na kuumiza, na pia huacha mwanya. Anayevaa hedifoni juu ya mtandio achague kitambaa chembamba cha pamba kisicho na mikunjo mbele ya sikio, na pini azipeleke nyuma, kwa sababu kila mkunjo ni mlango wa kelele, na kelele ikiingia mkono huenda kwenye kitufe cha kupandisha sauti.

Mtu ajiwekee pia akiba ndogo. Siku ya kununua hedifoni, anunue na waya wa pili na jozi ya mito. Shughuli haisubiri duka lifunguliwe.

Swali ambalo mama hakuliuliza

Sasa turudi kwenye ule mstari wa mwisho wa barua, wa binti anayelala na redio ili asisikie masikio yake yakivuma.

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojisokota mfano wa konokono, na ndani yake mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia, vinyweleo hivyo hutikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa ikizidi muda wake, huchoka. Ikirudiwa na kurudiwa, hufa. Na kwa mwanadamu zikishakufa hazioti tena. Ule mvumo ni kilio cha sikio lililoumizwa. Ukija na kuondoka baada ya saa kadhaa, ni onyo. Ukikaa siku, au ukirudi kila baada ya kazi, yapasa kumwona daktari wa masikio, wala si jambo la kungojea harusi za msimu ziishe.

Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wameweka kipimo ambacho ni chepesi kukumbuka. Sauti ya desibeli 85 mtu aweza kuistahimili kazini kwa saa nane. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Basi binti anayesimama ukumbini saa nne akiwa na desibeli 94 amekula fungu la siku nne kwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani nalo lakadiria kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza kusiko salama. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa kanuni kwa kumbi na shughuli, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na wahudhuriaji wapewe vizibo vya masikio na mahali pa kimya pa kupumzikia.

Hapa ndipo maswali mawili ya barua yanapokutana. Zile hedifoni za shilingi 2,500 hazikuwa zikivunjika tu. Zilikuwa haziuzibi ukumbi. Kila kelele ilipoingia, binti alipandisha sauti ili aushinde ukumbi, na kila alipopandisha ndivyo masikio yake yalivyolipa. Mito ilipobambuka, akapandisha zaidi. Kwa hivyo hedifoni inayoziba na kudumu humpa nafasi ya kuteremsha sauti. Tumesema nafasi tu, kwa sababu chombo chenyewe hakimlindi mtu. Hedifoni ya shilingi 18,000 yaweza kumtia mtu uziwi kama ya shilingi 2,500 asipoteremsha sauti kwa mkono wake.

Basi twamwambia binti yetu haya. Spika ziwekwe mbele yako na zielekee wageni, usisimame kati yazo. Hedifoni ivae pale tu unapotayarisha wimbo ujao, kisha iondoe. Vaa kizibo katika lile sikio linaloelekea ukumbi. Vya sifongo hupatikana kwa bei ndogo, na vipo vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuipotosha. Kila saa moja mwachie mwenzio dakika chache, utoke nje. Na simu za siku hizi zina programu za kupima desibeli. Hazina usahihi wa kitaalamu, lakini zatosha kukupa habari.

Na akina mama waalikwa, nasi tuna letu. Ni nani kati yetu hajamwona mtoto mchanga amelazwa kwenye mkeka karibu na spika, akina mama wakistaajabu jinsi alivyolala fofofo? Kwa watoto Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha chini zaidi kuliko cha wakubwa: desibeli 75 kwa saa 40 za juma, ilhali kwa wakubwa ni 80. Tumpeleke mtoto mbali na spika. Na tukimwona dijei amepandisha sauti mpaka bi harusi na mamake hawasikilizani, tumwendee tumwombe apunguze. Mara nyingi ni sisi tuliomwambia aongeze.

Jibu letu

Kwa baba twasema: umefanya haki kuuliza. Dini yetu imekataza israfu, na mzazi asiyeuliza pesa yaenda wapi hajatimiza wajibu wake. Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Hedifoni tatu za shilingi 2,500 ni shilingi 7,500 kwa miezi 14. Kwa mwendo huo, katika miezi 34 mtakuwa mmetoa zaidi ya shilingi 18,000, na mkononi hamtakuwa na kitu ila mfuko juu ya kabati. Ikiwa hiyo anayoitaka ina waya unaochomoka, mito inayouzwa na upinde unaofunguka, basi ikidumu miaka mitatu tu hamjapata hasara. Na ikiwa haina sifa hizo, basi wewe ndiwe uliye sawa, na bei yake ni israfu kweli.

Kwa mama twasema: mnunulieni, kwa sharti. Sharti ni kwamba kabla ya kwenda dukani, binti aende kwanza kupimwa masikio. Hata kama fedha zote hazitoshi kwa mambo mawili juma hili, hedifoni ndiyo ingoje. Ile iliyokatika waya fundi ameshailehemu, mito yake ingali mizima, nayo itamstahi kwa muda.

Kwa binti mwenyewe, ambaye tunaamini atausoma ukurasa huu kwa kuwa mamake atamwekea mbele ya sahani yake: hukufanya kosa kuupenda ustadi wako. Lakini katika Suratul Israa masikio yametajwa miongoni mwa vile ambavyo mja ataulizwa juu yake, na aghalabu twaelewa kwamba tutaulizwa tulisikiliza nini. Huenda pia tukaulizwa tuliyatunza vipi. Waya utapata mwingine, na mito na upinde pia. Sikio halina spea, na hakuna fundi wa Mji wa Kale wala wa London atakayekuuzia.

Mama wa Kisauni, tukishajua majibu ya daktari, tafadhali tuandikie tena. Nasi twawaombea nyinyi na watoto wetu wote afya ya masikio na macho, na riziki yenye baraka.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.